Somo la protini lianzie kwenye ploti

MSOMAJI, ukishuka matatu pale Karagita jioni, saa ile mabasi ya mashamba ya maua yanaporudisha wafanyakazi, usiharakishe. Pua itakupa habari kabla ya macho. Hapa mama anakaanga omena, pale mwingine amefunua sufuria ya githeri anayoipima kwa kikombe. Mbele kidogo kuna chapati kwa ndengu, samaki wa kukaanga kutoka Ziwa Naivasha, na matumbo yanayotokota juu ya jiko la makaa. Watu wa mtaa huu walitoka kila pembe ya nchi kufuata kazi ya maua, kwa hiyo katika ploti moja yenye vyumba kumi unaweza kukuta Mluo, Mkisii, Mkikuyu, Mluhya, Mkamba na Mturkana, kila mmoja na sufuria yake.

Sasa mfuate mtoto wa ploti hiyo darasani. Mwalimu anaandika ubaoni: vyakula vya kujenga mwili. Chini yake anaorodhesha nyama, mayai, maziwa, samaki, maharagwe. Mara nyingi picha iliyo ukutani ni ya kipande kinono cha nyama, mayai kwenye trei na glasi ya maziwa. Mtoto ananakili, anapata alama zake, na moyoni anajifunza jambo ambalo mwalimu hakukusudia: kwamba protini ni chakula cha watu wenye friji. Omena za jana usiku hazimo ubaoni. Kumbikumbi alizoletewa na nyanya kutoka Kakamega ndizo kabisa, na akizitaja darasa litacheka.

Maoni yangu ni kwamba somo hili tunalifundisha kinyumenyume. Ni vizuri watoto wajue Wajapani wanakula nini na Wameksiko wanakula nini. Lakini safari hiyo ianzie mlangoni pa jirani. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa mwaka wa 2019, unataka mwanafunzi ajifunze kwa kutenda na mzazi ashiriki. Basi mwalimu wa Karagita ana bahati ambayo wenzake wengi hawana. Amuulize kila mtoto, "Kwenu mnakula ugali na nini?" Ubao utajaa kabla ya kengele kulia.

Kutoka hapo ndipo sayansi iingie. Protini hujengwa kwa asidi amino aina 20, na 9 kati ya hizo mwili wa binadamu hauwezi kujitengenezea. Ni lazima zitoke kwenye sahani. Mahindi yana upungufu wa mojawapo inayoitwa lisini. Maharagwe yana lisini tele, ila yamepungukiwa na methionini, ambayo mahindi yanayo. Ukivila viwili hivyo, kimoja kinaziba pengo la kingine. Hiyo ndiyo githeri ya Mkikuyu. Ndiyo muthokoi wa Mkamba uliochanganywa na maharagwe. Mameksiko hupika maharagwe wakala kwa chapati zao za mahindi, Wahindi hula wali kwa dengu, na ndugu zetu wa Pwani huamka kwa mahamri na mbaazi za nazi. Ni hesabu ile ile, na hakuna hata mmoja wao aliyengoja maabara impe ruhusa. Wala si lazima viwe katika sufuria moja. Wataalamu wanasema inatosha kuvila katika siku hiyo hiyo.

Mtoto aelezwe pia kiasi. Yai moja lina karibu gramu 6 za protini. Gramu 100 za maharagwe makavu zina zaidi ya gramu 20. Akisikia hivyo, yule anayekula maharagwe mara nne kwa wiki hataona haya tena.

Tuje kwa wadudu, maana hapa ndipo kicheko kinapoanzia. Kumbikumbi, ambao Waluhya huwaita tsiswa na Waluo ng'wen, ni chakula cha kujenga mwili sawa na kingine chochote. Waganda wana nsenene wao, ambao msimu wao ukifika huliwa kwa furaha na tajiri na maskini. Wakongo wana viwavi, na Wathailand hukaanga nyenje. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilichapisha ripoti mwaka wa 2013 ikisema aina zaidi ya 1,900 za wadudu huliwa duniani. Na yule mtoto wa Nairobi anayecheka mla kumbikumbi, babake hulipa pesa nyingi hotelini apate kamba wa baharini, kiumbe mwenye miguu mingi na gamba gumu ambaye, kiukoo, hayuko mbali sana na mdudu.

Naivasha yenyewe ina mfano mzuri kuliko vitabu vyote. Mwaka wa 1970 ziwa lilitiwa kamba wekundu wa maji baridi, ambao asili yao ni kusini mwa Marekani. Kule Louisiana watu huwachemsha kwa pilipili katika masufuria makubwa na kumwaga mlima mzima mezani. Huko Sweden kuna karamu za kamba kila Agosti, wageni wakiwa wamevaa kofia za karatasi. Sisi tulio kando ya ziwa tuliwaachia hoteli za watalii na wafanyabiashara waliowapeleka ng'ambo. Kisha katika miaka ya mwanzo ya 2000 akaingia samaki aitwaye kapu, akazaana hadi akajaza nyavu. Wengi wetu tulimlalamikia kwa miiba yake, ilhali Mpolandi hawezi kufikiria mkesha wa Krismasi bila samaki huyo huyo mezani. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji naye lazima ajue mgeni kaja na nini.

Sisemi haya kwa kujiona mjuzi. Nyanya yangu hakuwahi kutia samaki kinywani hadi alipokufa. Kwake samaki alikuwa nyoka wa majini, na wazee wengi wa bara walifikiri hivyo hivyo. Mimi nilimwonja samaki nikiwa mtu mzima, tena kwa kulazimishwa na jirani.

Hata hivyo, kumfundisha mtoto si kumlazimisha ale. Mwislamu hatakula nguruwe. Msabato hatakula kambale, kwa sababu hana magamba, wala hao kamba wekundu. Mhindi asiyekula nyama hukua vyema kwa dengu na maziwa. Mwalimu ayaseme haya waziwazi, tena kwa heshima, maana nayo ni sehemu ya somo. Kinachopaswa kupigwa marufuku darasani ni kicheko.

Najua kuna wasomaji watakaouliza: je, huku si kuwapamba maskini kwa maneno, badala ya kupigania mishahara ya kununua nyama? Swali hilo lina uzito na silikwepi. Mama anayesimama kutwa akifunga maua yanayopelekwa Ulaya anastahili kumnunulia mwanawe yai. Na mtoto mdogo anahitaji chakula kitokacho kwa mnyama, hata kidogo tu, kwa sababu ya madini ya chuma, zinki na vitamini B12 ambayo maharagwe hayana. Utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba watoto 18 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Mwaka wa 2014 walikuwa 26. Tumepiga hatua, lakini hao 18 wana majina na wana mama.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, daktari Cicely Williams alikuwa akiwatibu watoto nchini Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Aliwaona wenye miguu iliyovimba na nywele zilizobadilika rangi, wengi wao wakiwa wameachishwa ziwa na kupewa uji wa mahindi. Akachukua jina ambalo wenyeji, Waga, waliuita ugonjwa huo: kwashiorkor, ugonjwa unaompata mtoto mdogo wake anapozaliwa. Sisi tunauita unyafuzi. Leo wataalamu wanasema chanzo chake si uhaba wa protini peke yake, lakini akina mama wale walikwisha kuona, kabla ya daktari, kwamba shida huanzia pale mtoto anapohamishwa kutoka titi hadi uji mtupu. Fikiria basi Karagita: likizo ya uzazi kisheria ni miezi mitatu, kisha mama anarudi kazini alfajiri, na mtoto anaachwa kwa mlezi na chupa ya uji mwepesi.

Mwanafunzi wa darasa la sita aliyefundishwa sawasawa ndiye atakayekwambia la kufanya na uji huo, kwa sababu aghalabu ndiye anayemlisha mdogo wake jioni. Chukua omena waliokauka vizuri, wachambue mchanga, waoshe kwa maji moto mara mbili tatu, wakaushe tena kwenye sufuria juu ya moto mdogo hadi wavunjike kwa vidole. Watwange, chekecha, weka unga huo katika mkebe wenye kifuniko. Mtoto aliyepita miezi sita atiliwe kijiko kimoja katika uji unaochemka. Waanze na kidogo, wamtazame siku mbili tatu kama ngozi itamwasha au atatapika, kisha waendelee.