Taaluma Isiyosubiri Posho

Mwaka 1987 iliundwa IBPSA, jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wanaotumia kompyuta kuiga mwenendo wa jengo kabla halijajengwa: joto litakaloingia, hewa itakayopita, umeme utakaoliwa na viyoyozi. Tangu mwaka 1989 huandaa mikutano ya kimataifa, na uti wa mgongo wake ni watu wanaojitolea.

Nalitaja hili kwa sababu nimekaa katika kamati nyingi za kitaaluma hapa nchini, na swali la kwanza huwa lilelile: posho ni kiasi gani? Nakiri, hata mimi nimewahi kuliuliza.

Wakati huohuo, Dar es Salaam inajaa maghorofa ya vioo. Tunalikaribisha jua ndani, kisha tunalipia umeme wa kulifukuza. Programu ya EnergyPlus hupatikana bure. Tunachohitaji ni watu wa kuhakiki takwimu za hali ya hewa ya miji yetu, kuwafunza vijana, na kuandika mwongozo kwa Kiswahili.

Simlaumu mtumishi ambaye mshahara wake haufiki mwisho wa mwezi. Kujitolea kusigeuzwe jina jingine la unyonyaji. Vyuo na wizara vizihesabu saa hizo katika kupandisha watu vyeo. Lakini sisi tuliosomeshwa kwa kodi ya mkulima tuna deni ambalo halilipwi kwa vyeti ukutani.

Mimi si mhandisi. Ninachoweza kutoa ni kuuhariri mwongozo huo, bila malipo. Wahandisi, nani atauandika?