Usione Vyaelea, Vimeundwa

Kuna maneno yamezoeleka katika jumuiya zetu za ughaibuni: "Nimeongea naye kwa video, nimemwona kwa macho yangu." Kwa maneno hayo hutumwa fedha za matibabu, huchangwa rambirambi, na posa hukubaliwa. Tunasema wazi: ushahidi huo umekwisha thamani, na wanaoendelea kuutetea wanatuweka sote hatarini.

Wengi hudhani kwamba sura ya bandia ni lazima iandaliwe studio kwa siku kadhaa. Hayo ni ya zamani. Mwaka 2016 watafiti wa Ujerumani na Marekani walionyesha mfumo ulioitwa Face2Face, uliochezesha midomo na nyusi za mtu aliyemo katika video kwa kufuata za mwingine aliyekaa mbele ya kamera, papo hapo. Leo kompyuta nzuri ya nyumbani yatosha. Programu hutafuta macho, pua na mdomo wa mpigaji, hupima anavyogeuka, kisha huchora uso wa mtu mwingine juu ya wake, picha baada ya picha. Matokeo yake huingizwa katika simu kana kwamba yametoka kwenye kamera ya kawaida.

Hapo hujibiwa kwamba mawasiliano ya WhatsApp yamefungwa kwa siri tangu 2016, hakuna awezaye kuyaingilia. Lakini kufuli lile hulinda njia, halikagui mzigo. Uongo uliopakiwa upande mmoja husafiri salama na kufika salama.

Mwaka 2024 kampuni ya uhandisi ya Arup ilithibitisha kwamba ilitapeliwa huko Hong Kong. Mfanyakazi wake alihamisha dola milioni 200 za huko, yapata milioni 25 za Marekani, baada ya mkutano wa video ambamo wakubwa aliowaona walikuwa sura za bandia. Oktoba mwaka huohuo polisi wa Hong Kong walitangaza kuwakamata watu 27 wa genge la mapenzi ya uongo, lililobadilisha nyuso katika simu za video. Ikiwa wahandisi wamenaswa, mama yetu aliyeko Tanga, mwenye simu ya kioo kilichopasuka na mtandao unaokatikakatika, atajinusuruje?

Na malighafi tunaitoa wenyewe. Harusi nzima, maulidi, hata mazishi, tunayabandika YouTube, na sauti na nyuso za watu ambao hatukuwauliza. Neno la siri likiibwa hubadilishwa. Uso ukiibwa, utabadilisha na nini? Ndiyo maana benki inayotaka uso peke yake uwe ufunguo wa akiba zetu tuikatalie. Ikipotea fedha, isije ikatuambia kuwa mteja hakuwa makini.

Wapo wanaosema kumhoji mzazi au mjomba kwenye simu ni utovu wa adabu. Tangu lini? Kwetu anayebisha hodi usiku huulizwa, "Nani?" Akijibu "Mimi," haingii, atataja jina, na sauti yake itapimwa. Hakuna aliyewahi kuona hilo kuwa ni tusi. Simu ya video nayo ni mlango, na usiku wake ni mrefu.

Basi tufanye hivi. Kila ombi la fedha likija kwa video, tukate simu, kisha tupige wenyewe kwa namba tuliyokuwa nayo siku zote. Kila familia iwe na neno lake, lililokubaliwa ana kwa ana na lisiloandikwa popote. Vyama vyetu vya kuzikana vikatae malipo yoyote ambayo hayajathibitishwa na viongozi wawili, kila mmoja kwa njia yake. Anayeona hayo ni usumbufu na atuambie ni nani atakayefidia michango ya wajane ikishaliwa.

Wahenga hawakuijua kompyuta, lakini walijua kwamba chombo kinachoelea kina fundi wake. Kabla ya kuuamini uso kiooni, tumuulize fundi ni nani.