MKONGO UFIKE ZAHANATI

Wakoloni walijua sana kujenga njia za kutoa mali. Kahawa ya Bukoba ilivushwa ziwa hadi Kisumu, ikapakiwa reli kwenda Mombasa, na mkulima akabaki na matope yake. Je, Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano nao uwe hivyo hivyo?

Ulianza kujengwa mwaka 2009, fedha zake zikiwamo za mkopo kutoka Uchina. Umefika Mutukula mpakani. Vema, kuuza kwa jirani si dhambi. Lakini deni ni letu sote, na mkulima wa Buganguzi analilipa kila anunuapo sabuni.

Tangu 2017 shule na zahanati zimetakiwa kuandika hesabu zao katika mfumo wa FFARS. Mwalimu asiye na mtandao afanye nini? Apande pikipiki kwenda Muleba, nauli atoe mfukoni, watoto wakae bure! Hiyo ndiyo serikali mtandao?

Madiwani wasituletee hesabu za kilomita. Watuambie ni zahanati ngapi, shule ngapi na ofisi za kata ngapi za Muleba zimeunganishwa, na zilizobaki zitaunganishwa lini. Wakija mkutanoni bila jibu, waulizwe tena mkutano ujao.