Taichi Haifunzwi kwa Picha

Ndugu zangu wa Matai, wapo vijana wadaio kuwa kitabu chenye picha chatosha kumfunza mtu taichi, mazoezi ya kale ya Kichina. La, hakitoshi! Hata mtindo mfupi wa mikao 24, uliotungwa Uchina mwaka 1956 kwa ajili ya watu wote, picha zake huonyesha mguu ulipofika. Uzito ulivyohama hauonekani. Na hapo ndipo goti huumia, goti hilohilo la kulimia na kusujudia. Ni nani kwetu aliyejifunza kutamka dhadi pasi na kinywa cha mwalimu? Kitabu humkumbusha aliyekwisha kusahihishwa. Abishaye na asimame mbele yetu baada ya Alasiri, afunge kitabu, ageuke polepole bila kuyumba.