Meza ya babu na kiti cha shangazi

Mgongo unaniuma kwa kubeba meza. Ngoja nikupe kisa.

Juzi niliteremka Kidahwe, pale barabara ya Kasulu inapoachana na ya Uvinza, kwenda kumwamkia baba mdogo. Nikakuta pikapu uani. Jamaa mmoja, mnunuzi wa samani za zamani, anaizunguka meza ya kulia ya marehemu babu kama anayechagua ng'ombe mnadani. Anatoa nini? Eti meza mpya ya kioo na viti sita! Baba mdogo ameshaanza kutabasamu.

Nikang'aka. Ile meza ni mninga mtupu, mti wa misitu yetu hii hii. Igeuze chini: msumari huoni, ulimi umeingia tunduni, basi. Mchwa wanaipita mbali. Babu aliinunua kwa Mzungu wa reli aliyekuwa anafungasha kurudi kwao baada ya uhuru wa 1961.

Na meza ya kulia, ndugu yangu, huku kwetu ni mgeni. Hata neno "meza" tumelipata kwa Wareno. Chetu ni mkeka, sinia na maji ya kunawa. Mwaka 1871 Stanley alipomkuta Livingstone hapo Ujiji, walikaa barazani wakaletewa chakula na majirani Waarabu. Zanzibar na Lamu walikuwa na kiti cha enzi, mti mweusi wenye nakshi za pembe za ndovu, lakini hicho ni cha kumkalisha mgeni wa heshima, si cha kulia ugali. Meza na viti vyake tulivionea kwa wamisheni na mabwana wakubwa wa kikoloni, na reli ya Wajerumani ilipofika Kigoma mwaka 1914, mizigo mizito kama hiyo ikapata njia.

Nikadhani nimeshinda. Mara shangazi akatoka jikoni, mikono ina unga.

"Mnaisifia sana," akasema. "Mama yetu aliifuta kila siku, hakuikalia hata mara moja. Baba alikula pale peke yake. Sisi tuko mkekani na mama, tunasubiri migebuka itakayobaki."

Kimya. Hata mimi sikuwa na la kusema.

Jamaa wa pikapu akaona mwanya. "Basi mama, iuzeni muisahau."

"Nani kakwambia nataka kuisahau? Irudisheni ndani!"

Tukaibeba, jamaa akaondoka na kioo chake. Jioni ukaja ugali wa muhogo na migebuka. Shangazi akavuta kiti cha babu, akakaa taratibu, akapitisha kiganja juu ya ubao. Baba mdogo hakuambiwa na mtu. Alichukua birika na beseni, akainama, akamnawisha dada yake.

Kwako je, msomaji, kuna ambaye hajawahi kukaribishwa mezani? Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.