Asifuye Mvua Imemnyea: Nani Amwandikie Daktari wa Meno Barua ya Udhamini?

Katika kata ya Nyakakika, wilayani Karagwe, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Tanzania, mambo mengi ya kiserikali huanza na barua. Anayetaka kufungua akaunti ya benki, kuomba kitambulisho cha Taifa au kumdhamini ndugu yake mahakamani hufika kwanza kwa mtendaji wa kijiji. Huandikiwa barua ya utambulisho, ikagongwa muhuri, naye akashika safari ya kwenda Kayanga. Barua hiyo husema jambo moja tu: kwamba mtu huyu ni mkazi wa mahali fulani na anafahamika. Nguvu yake imo katika muhuri. Mtendaji akihamishwa leo, atakayekuja kesho ataandika barua ileile kwa maneno yaleyale, nayo itapokelewa.

Mazoea hayo ni mema mahali pake, lakini humponza kijana wa Karagwe au Kyerwa aliyehitimu udaktari wa meno pale anapotaka kuendelea na masomo ng'ambo. Kijana huyo amesoma miaka mitano ya shahada, labda Muhimbili, akamaliza mwaka wa mafunzo kazini na kusajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Hata hivyo, akifika Marekani, shahada yake peke yake haimpi leseni. Katika majimbo mengi hutakiwa kwanza kuingia katika programu ya madaktari waliosoma nje, ambayo aghalabu huchukua miaka miwili au mitatu. Vyuo vingi hupokea maombi hayo kupitia mfumo mmoja wa mtandaoni uitwao CAAPID, unaosimamiwa na jumuiya ya elimu ya meno ya nchi hiyo, ADEA. Pamoja na matokeo ya masomo na mtihani wa kitaifa wa INBDE, mwombaji hudaiwa barua za wadhamini.

Hapo ndipo wengi hukosea. Mwombaji aliyezoea barua ya utambulisho hutafuta muhuri mkubwa kuliko yote anaoweza kuufikia. Humwendea mbunge, askofu, mkuu wa wilaya au profesa mashuhuri aliyemfundisha mihadhara miwili katika ukumbi wenye wanafunzi mia. Hudhani kwamba jina kubwa litambeba. Lakini jopo la uteuzi katika chuo cha mbali halimjui mheshimiwa huyo, wala halina haja ya kuhakikishiwa kuwa mwombaji ni mkazi wa mahali fulani. Linataka kujua jinsi anavyofanya kazi.

Wahenga walilimaliza jambo hili zamani waliposema kwamba asifuye mvua imemnyea. Mdhamini anayefaa ni yule aliyesimama karibu na kiti cha meno akaiona mikono ya mwombaji ikifanya kazi, hata kama cheo chake ni kidogo.

Chukulia barua mbili. Ya kwanza imetoka kwa kiongozi mwenye cheo kirefu, nayo inasema kwamba mwombaji ni mchapakazi, mwaminifu, mwenye nidhamu na anayeshirikiana na wenzake. Barua hiyo ingeweza kumfaa karani, dereva au mwalimu bila kubadilishwa neno. Ya pili imetoka kwa daktari aliyemsimamia katika hospitali ya wilaya. Inaeleza jinsi alivyompokea mgonjwa mwenye jipu la jino lililokwisha kuvimbisha shavu na shingo, akatambua hatari ya kuzibwa kwa njia ya hewa, akaanza tiba na kumpa rufaa ya kwenda Bukoba bila kuchelewa. Inaeleza pia jinsi alivyokaa na akina mama wa kliniki ya watoto kuwaondolea imani ya “meno ya plastiki”, ile inayowafanya baadhi ya wazazi wawapeleke watoto wachanga kung'olewa vijino ambavyo havijaota. Inamalizia kwa kutaja udhaifu mmoja: kwamba mwanzoni alikuwa mzito wa kuomba msaada jino lilipovunjikia ndani, na kwamba alijirekebisha. Msomaji wa barua hiyo hahitaji kuambiwa kwamba mwombaji ni mchapakazi, maana amemwona akifanya kazi.

Kuna sababu nyingine ya kuupendelea ushahidi wa namna hiyo. Vyuo vingi huwaita waombaji kwa usaili, na baadhi huwapa mtihani wa mikono, ambamo hutakiwa kuchonga au kuziba jino la bandia mbele ya wasimamizi. Sifa zilizopambwa na mtu asiyejua huanguka siku hiyo, na huanguka pamoja na heshima ya mwombaji.

Kwa hiyo wadhamini wapangwe kwa kile walichokiona. Wa kwanza na awe mwalimu wa kliniki, yule aliyesahihisha kazi ya mwombaji mdomoni mwa mgonjwa. Wa pili na awe msimamizi wa kazi ya sasa: daktari wa meno wa hospitali, au mratibu wa afya ya kinywa na meno wa wilaya. Wa tatu anaweza kuwa mtu aliyeshuhudia huduma yake kwa jamii au utafiti wake. Aliyekwisha kuhamia Marekani na kufanya kazi ya msaidizi katika kliniki ya meno anaweza kumwomba daktari wa huko, mradi amekaa naye muda wa kutosha kujulikana. Wiki moja ya kutazama kazi haimpi mtu cha kushuhudia.

Hata hivyo cheo hakidharauliwi pale kinapotakiwa. Baadhi ya vyuo hudai kwa kutaja barua ya Amidi wa shule aliyohitimu mwombaji. Amidi huenda hamkumbuki mhitimu wa miaka sita iliyopita, wala hapaswi kujifanya anamkumbuka. Apelekewe matokeo, wasifu na maelezo mafupi ya kazi alizofanya tangu ahitimu. Naye aseme yale ambayo ofisi yake inayajua kwa hakika: alifaulu vipi, alikuwa na mwenendo gani, na mafunzo aliyopitia ni ya namna gani.

Lipo jambo jingine linalostahili kukemewa waziwazi. Ni desturi iliyoenea kwamba mkubwa anapoombwa barua humjibu kijana: “Andika mwenyewe, ulete nitie sahihi.” Wengi huliona jibu hilo kuwa hisani, kwa kuwa mkubwa ana kazi nyingi. Kwa hakika ni kumnyima kijana kitu pekee alichokifuata, yaani macho ya mtu mwingine. Hakuna ajuaye kujisifu kwa namna anayosifiwa na aliyemtazama. Tena wadhamini watatu wakifanya hivyo, barua tatu hufika zikiwa na sauti moja na makosa yaleyale ya lugha, na jopo hutambua. Katika mfumo huo mdhamini hupokea kiungo kwa barua pepe yake na kuiwasilisha barua mwenyewe, na mwombaji huulizwa kama anaiacha haki yake ya kuisoma. Utaratibu wote umejengwa juu ya imani kwamba aliyetia sahihi ndiye aliyeandika.

Upande wa pili wa jambo hili ni mgumu zaidi. Mganga Mfawidhi ambaye hospitali yake ina daktari mmoja tu wa meno anajua kwamba barua nzuri atakayoiandika huenda ikamwacha bila mtu. Mgonjwa atakayetoka Nyakakika na jino linalomnyima usingizi atakuta mlango wa kliniki umefungwa. Huzuni hiyo ni ya haki. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipitisha mwongozo wa uajiri wa kimataifa wa watumishi wa afya kwa sababu hiyohiyo, likizitaka nchi zenye uwezo zisizikamue nchi zenye uhaba. Lakini mwongozo huo haukumnyang'anya mtumishi uhuru wake wa kuondoka. Barua inayokawizwa kwa makusudi, au inayoandikwa kwa ubaridi ili kijana akose, haitibu uhaba. Humbakiza kazini mtu mwenye kinyongo, na kuwafundisha walio nyuma yake kwamba ukweli wa mkubwa hutegemea maslahi yake. Anayeona hawezi kuandika kwa moyo safi na aseme hivyo mapema, ili mwombaji atafute mwingine.

Mwombaji naye ana wajibu. Aombe miezi miwili au mitatu kabla ya siku ya mwisho, kwa kuwa msimamizi wa kijijini hana umeme na mtandao saa zote. Aulize swali la kweli: je, unanifahamu vya kutosha kuniandikia barua yenye nguvu? Akiona kusitasita, ashukuru na kuondoka. Na matokeo yakitoka, yawe mema au mabaya, arudi kumpa habari aliyemwandikia.

Barua ya mtendaji itaendelea kuhitajika Nyakakika, na muhuri wake utaendelea kuheshimiwa. Lakini hutaja tu mahali mtu anapokaa. Daktari anayetaka kwenda mbali na akamtafute aliyesimama naye siku ile ganzi ilipochelewa kushika na mgonjwa akalia, kwa maana huyo ndiye aliyeona alichokifanya.