Namba Kubwa Si Nguvu Kubwa: Acheni Kudanganywa na Majina ya Kadi za Grafiki

Leo sina somo la kuandika programu. Nina hasira, na nimeamua kuimalizia hapa.

Wiki mbili zilizopita mdogo wangu alinipigia simu usiku. Yeye huhariri video za harusi, na hiyo ndiyo kazi inayomlipia kodi ya nyumba. "Kaka, nimeweka kadi mpya na mashine imekuwa nzito kuliko jana. Na harusi ya watu natakiwa kuikabidhi Jumatatu!" Nikamuuliza ile kadi ya zamani iko wapi. Ameshaiuza. Muuzaji alimwambia kadi yake ilikuwa ya namba za mamia, hii ni ya maelfu, kwa hivyo lazima iwe na nguvu zaidi. Basi akaongeza shilingi 7,000 juu ya pesa za ile ya zamani. Yaani alilipa ili arudi nyuma!

Duka silitaji, wala kadi yenyewe, kwa sababu ugonjwa huu si wa duka moja. Umeanzia mbali, kwa wanaotunga majina, na sisi wanunuzi tumeukubali. Hebu tuangalie mifano ambayo iko wazi kwa kila mtu.

Chukua GeForce GTX 750 Ti ya 2014 na GeForce GT 1030 ya 2017. Kwa jina, 1030 imeipita 750 kwa mbali. Sasa fungua kifuniko. GTX 750 Ti ina viini 640, na njia yake ya kumbukumbu ina upana wa biti 128, ikisafirisha GB 86.4 kwa sekunde. GT 1030 ina viini 384, njia ya biti 64, na GB 48 kwa sekunde. Ni kweli viini vya 1030 hukimbia kwa kasi zaidi na kadi yenyewe hutumia umeme kidogo, wati 30 dhidi ya 60. Lakini kwenye gemu nyingi bado mzee hashindwi. Na kwa mhariri wa video kuna jambo baya zaidi: 750 Ti ina kipande kiitwacho NVENC, kinachobana video bila kuichosha prosesa. GT 1030 haina kabisa.

Ngoja, bado. Mwaka 2018 ikaja GT 1030 nyingine, jina lile lile, ila kumbukumbu yake ni DDR4 badala ya GDDR5. Kasi ikaanguka kutoka GB 48 hadi GB 16.8 kwa sekunde. Kwenye gemu nyingi zilizopimwa ilitoa karibu nusu tu ya fremu za ile ya kwanza. Kadi mbili, jina moja, na tofauti imefichwa kwenye maandishi madogo ya boksi. Mwenye duka akikuambia "zote ni 1030", hajasema uongo. Ndiyo maana nasema mtego umetegwa na aliyetunga jina.

Wala si mchezo wa juzi. Mwaka 2002 Nvidia waliuza GeForce4 MX iliyojengwa juu ya muundo wa kizazi cha GeForce2. Haikuwa na pixel shader, wakati GeForce 3 ya 2001 ilikuwa nayo tayari. Nne ikawa nyuma ya tatu! Halafu 8800 GT ya 2007 ikarudi mwaka 2008 kwa jina la 9800 GT, viini vile vile 112. Na Septemba 2022 wakatangaza RTX 4080 mbili, moja ya viini 9,728 na nyingine ya viini 7,680. Watu walipiga kelele mpaka ile ndogo ikaondolewa Oktoba. Januari 2023 ilirudi ikiitwa RTX 4070 Ti, bei ikiwa imeshuka kwa dola 100. Kumbe kelele zinafanya kazi.

Mashabiki wa AMD msicheke. RX 580 ya 2017 ina njia ya biti 256 na GB 256 kwa sekunde. RX 6500 XT ya 2022 ina biti 64, GB 144 kwa sekunde, kumbukumbu GB 4 tu, na haina kipande cha kubana video. Tena huunganishwa na ubao kwa njia 4 tu za PCIe. Kwenye ubao mpya wa PCIe 4.0 inavumilika. Lakini wengi wetu tunatumia kompyuta za mitumba zilizotoka ofisini, zenye PCIe 3.0 au chini ya hapo, na humo kadi hii hupoteza nguvu zaidi. Kadi ya bei nafuu imetengenezwa kwa ajili ya kompyuta ya mwenye pesa!

Najua mtaniambia, "Basi unatuambia tununue za zamani?" La hasha. Zamani nayo ina gharama. Blender 3.0 ya Desemba 2021 iliacha OpenCL, na tangu hapo RX 580 haiwezi kuchora picha za Cycles kwa GPU, hata iwe na biti 256. Nvidia nao waliacha Oktoba 2025 kutoa programu endeshi za gemu mpya kwa vizazi vya Maxwell na Pascal, wakabakiza marekebisho ya usalama. Na upana wa njia peke yake si kila kitu. RTX 4060 Ti ya 2023 ina biti 128 dhidi ya 256 za RTX 3060 Ti, lakini ilipewa akiba kubwa ya ndani na inatumia umeme kidogo. Ninachopinga ni kulinganisha kadi kwa kusoma namba za jina.

Kabla hujatoa pesa, uliza kumbukumbu ni ya aina gani, ni GB ngapi, na njia ni ya biti ngapi. Uliza kama kazi yako, iwe Blender, video au gemu, inakubaliwa na kadi hiyo. Tafuta vipimo vya kazi ile ile, na usitazame wastani wa fremu pekee. Tazama na zile za chini kabisa, maana ndizo unazoziona gemu ikikwama. Kisha mwambie muuzaji aiwashe mbele yako na afungue GPU-Z. Akikataa, ondoka na pesa zako.

Mdogo wangu nilimpa mashine yangu Jumapili usiku kucha, harusi ikafika kwa wenyewe Jumatatu. Kadi ya zamani haikurudi, ilishauzwa kwa mtu mwingine. Sasa anaweka akiba upya.

Nawe umewahi kulipia namba? Tuambie ilikuwa kadi gani, ili mwenzako asikanyage shimo lile lile.